Deni la Miaka na Deni la Lugha: Historia ya Masomo ya Kufidia katika Mji wa Madini wa Kambove

1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili cha Katanga neno masomo lina maana mbili. Ya kwanza ni ile ijulikanayo kote Afrika Mashariki, yaani mambo yanayosomwa. Ya pili ni mahali penyewe pa kusomea. Mzazi wa Kambove husema batoto banaenda ku masomo pale ambapo mzazi wa Morogoro angesema watoto wanaenda shuleni. Kwa hiyo mtoto wa Kambove anayekosa masomo hukosa mambo mawili kwa neno moja: hukosa elimu, na hukosa pia mahali pa kukaa mchana kutwa. Mahali hapo pakikosekana, mahali palipo karibu ni mgodi.

Kambove ni mji wa shaba na kobalti ulio kaskazini-magharibi ya Likasi, katika mkoa wa Haut-Katanga, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Katika mkoa huo, kama katika nchi nzima, serikali imeweka utaratibu wa kuwarudisha katika elimu ya msingi watoto walioikosa au walioiacha. Mahali pa utaratibu huo huitwa kwa Kifaransa centres de rattrapage scolaire. Kitenzi rattraper maana yake ni kumfikia aliyekwisha kutangulia: mtoto amebaki nyuma, naye anatakiwa kukimbia. Neno la Kiswahili linalolingana nacho kwa matumizi ni kufidia, nalo lina mwelekeo mwingine. Fidia hulipwa na mwenye deni. Anayefidiwa si mkosaji, bali ni mtu aliyepungukiwa haki yake.

Makala haya yanafuata maana hiyo ya pili. Yanaeleza jinsi deni la elimu lilivyolimbikizwa juu ya watoto wa Kambove tangu enzi ya ukoloni hadi leo, na kuonyesha kwamba deni hilo lina sehemu mbili: deni la miaka na deni la lugha. Hoja yake ni kwamba mpango wa serikali umeundwa kulipa deni la kwanza, na kwamba malipo hayo hayawezi kukamilika maadamu deni la pili limeachwa kando.

2.0 Shule ya Kampuni

Historia ya shule Kambove haiwezi kutenganishwa na historia ya mgodi. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa tarehe 28 Oktoba 1906. Reli iliyotoka kusini iliufikia mji wa Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na kufika Kambove mwaka 1913. Katika miaka ya mwanzo vibarua walitoka mbali, hasa Rodesia ya Kaskazini, na baadaye Lomami na Ruanda-Urundi. Walikuja kwa mikataba mifupi, na wengi hawakuja na wake wala watoto. Katika hali hiyo kampuni haikuona haja kubwa ya shule.

Mambo yalibadilika mwishoni mwa miaka ya 1920. Kuajiri watu upya kila mara kulikuwa na gharama, na maradhi na utoro viliwapunguza wafanyakazi. Kampuni ikaanza sera ya kuwatuliza wafanyakazi kambini: mikataba mirefu, nyumba za familia, posho ya chakula kwa mke na watoto, zahanati na shule. Mtoto aliyezaliwa kambini alitazamwa kama mfanyakazi wa kesho, na shule ilikuwa njia ya kumwandaa.

Serikali ya kikoloni haikuziendesha shule hizo yenyewe. Kuanzia miaka ya 1920 ilitoa ruzuku kwa misheni za Kikatoliki zilizoitwa za kitaifa, nazo zikabeba karibu mzigo wote wa elimu ya Waafrika. Katika Katanga ya kusini kazi hiyo iliangukia hasa Wabenedikto waliofika mwaka 1910, chini ya Jean-Félix de Hemptinne. Hivyo ukawepo ushirikiano wa pande tatu: serikali ilitunga kanuni, misheni ilifundisha, na kampuni ililipa sehemu kubwa ya gharama katika kambi zake.

Ushirikiano huo ulileta manufaa ya kweli. Watoto wengi wa kambi walijua kusoma na kuandika wakati ambapo watoto wa vijiji vya jirani hawakuwa na nafasi hiyo. Hata hivyo, shule ya kampuni haikuwa haki ya mtoto kwa kuwa mtoto. Aliipata kwa sababu baba yake alikuwa na kazi. Kipande cha kazi cha baba ndicho kilichofungua mlango wa darasa. Jambo hili halikuonekana kuwa na hatari maadamu mgodi ulikuwa na nguvu, lakini ndiyo mbegu ya mambo yaliyotokea miaka sitini baadaye.

3.0 Lugha Tatu katika Darasa Moja

Kambi za Union Minière zilikusanya watu wa lugha nyingi, na Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya pamoja. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu Kiswahili katika Kongo ya Kibelgiji, ameonyesha kwamba kuenea kwa lugha hii Katanga hakukuwa tukio la bahati tu. Utawala, misheni na kampuni walikuwa na sababu zao za kuitaka lugha moja ya amri na ya kazi. Hata hivyo, wafanyakazi na familia zao hawakubaki na lugha ya amri. Waliifanya kuwa lugha ya nyumbani, ya soko, ya utani na ya kilio, na watoto waliozaliwa kambini wakaipokea kama lugha yao ya kwanza.

Kiswahili hicho kilikuwa na sura yake. Ngeli zilipungua, kiambishi cha wa- kikawa ba-, na ku ikachukua nafasi ya kiambishi tamati cha mahali. Vitabu vya misheni viliandikwa kwa Kiswahili kilichokaribia kile cha pwani, ambacho wenyeji wa Katanga hukiita Kiswahili bora. Tangu mwanzo, basi, mtoto wa Kambove alipoingia darasani alikuta kwamba lugha ya kitabu inafanana na yake lakini si ile ile. Pengo hilo lilivukika. Mwalimu mzuri aliweza kulivuka kwa wiki chache, kwa sababu maneno mengi yalikuwa yale yale.

Pengo la pili lilikuwa pana zaidi. Kifaransa kilikuwa lugha ya ofisi, na kila hatua ya kupanda ngazi ilikihitaji. Mageuzi ya mwaka 1948 yaliwatenga wanafunzi wachache walioteuliwa kwa masomo marefu na wengi waliobaki katika mkondo wa kawaida. Mwaka 1954 waziri wa makoloni, Auguste Buisseret, alianzisha shule rasmi zisizo za kidini kwa Waafrika, na Kifaransa kikapata nafasi kubwa zaidi. Baada ya uhuru, mtaala wa kitaifa wa mwaka 1962 ulikifanya Kifaransa kuwa lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Katanga, iliyokuwa imejitenga toka Julai 1960, ilirudishwa katika Jamhuri mwezi Januari 1963.

Ni ajabu kwamba uhuru ndio ulioiondoa lugha ya mtoto darasani. Lakini waliofanya hivyo walikuwa na sababu. Wazazi wengi waliamini, si bila ushahidi, kwamba wakoloni walikuwa wamewapa watoto wao lugha za wenyeji ili wasipande juu. Kwao Kifaransa kilikuwa haki iliyocheleweshwa.

Fikra nyingine ilijitokeza katika miaka ya 1970. Kitivo cha Fasihi cha Chuo Kikuu cha Taifa kilihamishiwa Lubumbashi mwaka 1971, pamoja na kituo cha isimu kijulikanacho kwa kifupi kama CELTA. Mwezi Mei 1974 wanaisimu wa Zaire walikutana mjini humo na kuitetea nafasi ya lugha za taifa, yaani Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba, katika elimu. Mwaka huo huo serikali ilizitaifisha shule za misheni na kukubali lugha hizo katika madarasa ya mwanzo. Lakini vitabu vilikuwa haba, walimu hawakuwa wameandaliwa, na tarehe 26 Februari 1977 serikali ilitia sahihi mkataba wa kuwarudishia viongozi wa dini usimamizi wa shule. Katika madarasa mengi kilichobaki ni desturi isiyoandikwa: mwalimu huandika ubaoni kwa Kifaransa na kueleza kwa Kiswahili. Mtihani, hata hivyo, hauna sehemu ya maelezo ya mdomo.

4.0 Kuanguka kwa Mgodi

Tarehe 1 Januari 1967 mali za Union Minière nchini zilichukuliwa na serikali, na kampuni mpya ikaundwa ambayo baadaye ilijulikana kama Gécamines. Shule za kampuni ziliendelea, na kwa muda mrefu zilihesabiwa miongoni mwa shule bora za mkoa, ambao kuanzia 1971 hadi 1997 uliitwa Shaba. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa tani zaidi ya 470,000 za shaba. Mwezi Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, iliporomoka. Kufikia mwaka 1993 uzalishaji ulikuwa umeshuka chini ya tani 50,000.

Mshahara ulipokoma, kila kitu kilichofungamana na mshahara kilikoma pia. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi ameeleza jambo hili katika kitabu alichokichapisha mwaka 2001, ambacho jina lake huwataja Bana Shaba walioachwa na baba yao. Baba anayetajwa hapo ni kampuni. Mwaka 1992 na 1993 familia nyingi zenye asili ya Kasai zilifukuzwa Likasi na Kolwezi, walimu na wanafunzi wakiwa miongoni mwao. Mwaka 2003, kwa mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi wapatao 10,000 wa Gécamines waliondoka kazini kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari.

Wakati huo huo shule za serikali zilikuwa zimepoteza nguvu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mishahara ya walimu ilikuwa imekwisha thamani na migomo ilifunga madarasa. Wazazi na viongozi wa shule walikubaliana kwamba wazazi wenyewe wawachangie walimu. Mchango huo uliokoa shule zisifungwe kabisa, lakini ukawa ada ya kudumu. Mlango uliokuwa ukifunguliwa na kipande cha kazi sasa ulifunguliwa na fedha taslimu, katika mji ambao fedha taslimu zilikuwa zimetoweka.

Kazi iliyobaki ilikuwa kuchimba kwa mikono. Sheria ya madini ya mwaka 2002 iliutambua uchimbaji mdogo na kuwaruhusu watu wazima tu kuufanya. Watoto walikuwepo hata hivyo. Mwezi Julai 2004 mgodi wa Shinkolobwe, ulio katika wilaya ya Kambove na uliopata kujulikana duniani kwa urani yake, uliporomoka na kuua wachimbaji wadogo. Mwaka 2014 UNICEF ilikadiria kwamba watoto wapatao 40,000 walikuwa wakifanya kazi katika migodi ya kusini mwa Kongo. Ripoti ya Amnesty International na Afrewatch ya Januari 2016 ilieleza watoto waliokusanya, kuchambua na kuosha mawe hadi saa 12 kwa siku, kwa ujira wa franga 1,000 hadi 2,000, yaani dola moja au mbili. Wengine walifanya hivyo mwisho wa juma na wakati wa likizo, ili wapate ada ya kuendelea na shule. Mtoto huyo aliyechimba ili asome hakuwa ameikataa elimu. Alikuwa akilipa deni lisilo lake.

5.0 Mpango wa Serikali wa Masomo ya Kufidia

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 43, ilitamka kwamba elimu ya msingi ni ya lazima na ni ya bure katika shule za umma. Utekelezaji kamili ulingoja hadi mwezi Septemba 2019. Mamilioni ya watoto waliingia madarasani, na madarasa yakafurika. Lakini elimu ya bure humfaa anayeanza. Mtoto wa miaka 12 aliyeacha shule akiwa na miaka 8, au ambaye hakuanza kamwe, hawezi kwa urahisi kukaa benchi moja na wadogo zake. Kwake yeye mlango umefunguliwa wakati umri umekwisha kupita kizingiti.

Kwa ajili ya mtoto huyo upo mpango wa kasi wa kufidia masomo, ulio chini ya wizara inayoshughulikia mambo ya jamii. Huwapokea watoto wa miaka takriban 9 hadi 14. Madarasa sita ya msingi hukusanywa katika ngazi tatu, kila ngazi ikibeba madarasa mawili kwa mwaka mmoja. Mwishoni mtoto hufanya mtihani ule ule wa kitaifa wa kumaliza elimu ya msingi anaofanya mwenzake wa shule ya kawaida. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 imeitambua elimu ya namna hii, isiyo ya mfumo wa kawaida, kuwa sehemu ya elimu ya taifa. Mikoa ya Haut-Katanga na Lualaba ilipata pia mradi wa Benki ya Maendeleo ya Afrika ulioanza mwaka 2019, uliolenga kuwaondoa watoto 14,850 katika kazi za kobalti na kuwarudisha katika jamii na masomo.

Muundo wa ngazi tatu una mantiki. Mtoto mkubwa huelewa upesi kuliko mdogo. Hasa katika hesabu, mtoto aliyekwisha kuuza mawe amekwisha kukutana na uzito, bei, ubora wa madini na udanganyifu wa mizani. Anayemfundisha kugawanya haanzi na ubao mtupu. Katika somo hili miaka miwili yaweza kweli kusomwa katika mwaka mmoja.

Lugha haina sifa hiyo. Sheria ya mwaka 2014 imeweka Kifaransa kuwa lugha ya elimu, na wakati huo huo ikakubali lugha za taifa au za mahali zitumike kufundishia. Katika shule ya kawaida mtoto wa Kambove, kwa mujibu wa mtaala, anatakiwa kusoma kwa Kiswahili katika madarasa mawili ya kwanza, huku akikizoea Kifaransa kidogo kidogo kabla hakijawa lugha ya masomo yote. Mpango wa ELAN, ulioanza mwaka 2012 kwa msaada wa jumuiya ya nchi zinazotumia Kifaransa, na ule wa ACCELERE ulioanza mwaka 2015, ililenga kuliimarisha daraja hilo, na vitabu vya kusomea vikatolewa kwa Kiswahili, Kilingala na Kiluba.

Ukikusanya madarasa mawili katika mwaka mmoja, unakusanya pia daraja. Mtoto wa kituo cha kufidia hubaki na mwaka mmoja badala ya miwili kabla ya kuhamia Kifaransa. Naye ndiye mwenye haja kubwa ya daraja hilo. Mwenzake wa shule ya kawaida amesikia Kifaransa cha darasani tangu akiwa na miaka sita. Yeye amezisikia sauti za mgodi na za soko la madini, nazo ni za Kiswahili. Hivyo mpango uliokusudiwa kumpunguzia mtoto mzigo wa miaka humwongezea, pasipo kukusudia, mzigo wa lugha. Akishindwa mtihani wa mwisho, itasemwa kwamba hakuweza kuwafikia wenzake.

6.0 Mfano wa Tanzania

Mfano wa nchi jirani husaidia kuliona jambo hili. Mwaka 1999 Tanzania Bara ilianza kwa majaribio Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Walioikosa, yaani MEMKWA, kwa ushirikiano na UNICEF, katika wilaya tano: Kisarawe, Masasi, Musoma Vijijini, Songea Vijijini na Ngara. Watoto waligawanywa katika makundi mawili kwa umri. Wadogo waliandaliwa kuingia tena shule ya kawaida, na wakubwa waliandaliwa kwa mtihani wa kumaliza elimu ya msingi.

MEMKWA ilikuwa na matatizo yake. Wawezeshaji walilipwa kidogo, na vituo vilipungua wasajiliwa walipopungua. Jambo moja, hata hivyo, halikuwa miongoni mwa matatizo hayo makubwa. Lugha ya kituo, lugha ya kitabu na lugha ya mtihani ilikuwa moja, nayo ni Kiswahili. Kwa watoto wengi ilikuwa pia lugha ya nje ya darasa, ingawa kwa wengine, mathalani wa Ngara, ilikuwa lugha ya pili. Mpango huo ulipobana miaka, haukubana daraja la lugha.

Haifai kusema kwamba Kongo ingeiga Tanzania. Kongo ina lugha nne za taifa, na wazazi wa Kambove wana haki ya kukitaka Kifaransa. Aidha, mwanafunzi wa Tanzania hukutana na pengo lake la lugha baadaye, aingiapo sekondari. Kinachofundishwa na mfano huu ni jambo dogo lakini la msingi: mpango wa kufidia unaweza kubana kile tu ambacho mtoto anacho tayari njia ya kukipata.

7.0 Hitimisho

Historia iliyoelezwa hapa inaonyesha kwamba mtoto wa Kambove hakubaki nyuma kwa uvivu wake. Shule yake ilifungamanishwa na kazi ya baba. Kazi ilipokufa, shule ikafungamanishwa na ada. Ada ilipofutwa, umri wake ulikuwa umepita. Katika muda huo wote lugha yake iliitwa darasani na kufukuzwa zaidi ya mara moja, kwa amri zilizotolewa mbali naye. Serikali imekubali, kwa kuanzisha vituo vya kufidia masomo, kwamba ina jambo la kulipa. Hiyo ni hatua ya maana.

Malipo yatakamilika pale ngazi ya kwanza ya mpango itakapopewa muda wa kutosha katika Kiswahili, hata kama ngazi nyingine zitabaki na mwaka mmoja mmoja. Pale vitabu vya Kiswahili vilivyotolewa kwa shule za kawaida vitakapofika pia katika vituo. Na pale mwalimu anayeeleza kwa Kiswahili cha Katanga atakapohesabiwa kuwa anafanya kazi yake, si kwamba anavunja kanuni. Vyuo vikuu vya eneo hili, Lubumbashi kwanza, vina wataalamu wa kuandika maelekezo yanayotoka Kiswahili cha nyumbani, kupitia Kiswahili bora, hadi Kifaransa. Hapo ndipo masomo, kwa maana zake zote mbili, yatakaporudi kwa wenyewe.